Naenda Kumwona Ng'ombe Wangu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, na kwetu kijana asiyeitikiwa hubaki amesimama hapo hapo, mikono nyuma, mpaka mkubwa aseme marahaba. Basi nimesimama, na barua hii naiandika nikiwa nimesimama.

Wanaonisoma magazetini wamezoea kuniona nikigombana. Husema kalamu yangu imechovywa kwenye pilipili, nami sijawahi kuwakatalia. Juzi kamati ya kile chuo cha watu wazima cha Getanuwas iliniomba niandike makala ya kuwahimiza watu wachange, maana paa limechoka na mabweni hayatoshi. Wakanitumia na mfano wa maneno wanayoyataka. Ulianza hivi: "Tuwasaidie hawa wasiojiweza." Niliposoma hapo nikaweka kalamu chini. Lile neno nililiona likikuchoma mbele ya umati, na nilichokuona ukifanya baada ya hapo sijapata kukiona tena popote, ingawa nimesoma vitabu vingi na kubishana na walio navyo zaidi.

Wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia wewe mwenyewe mbele yako. Ulikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Ulizaliwa Tumati, kule juu Mbulu, kwenye mashamba ya miteremko na ukungu wa asubuhi. Ulisoma mpaka darasa la pili, ukatolewa ubebe wadogo zako mgongoni, baba yangu akiwa mmojawapo. Yeye akasoma. Mimi nikasoma kwa sababu yeye alisoma. Elimu yangu yote ilianzia kwenye mgongo wako, na hakuna cheti changu kilichoandikwa hivyo.

Ukaolewa na mfugaji huku chini, tambarare ya Hanang. Ukajifunza lugha yao, ukavaa shanga zao, Jumapili ukaendelea kwenda kanisani, na kila mtu akakuita Mama Gidamis kwa jina la mwanao.

Miaka hiyo tambarare ilikuwa mali ya ngano. Shamba la serikali lilianzia karibu na boma lenu na halikuwa na mwisho wa kuonekana. Sikatai kwamba lilikuwa la kustaajabisha. Upepo ulipopita juu yake mlima Hanang ulionekana kama unaelea, na kombaini zikivuna zilikwenda kwa mstari, vumbi likapanda mpaka jua likawa jekundu mchana. Lakini mkate wa ngano ile sisi tuliusikia redioni. Na majani ya kiangazi, ambayo ng'ombe wa ukoo wa mume wako walikuwa wakiyategemea tangu enzi za babu zao, yalibaki ndani ya mpaka. Ng'ombe akivuka, walinzi wanamkamata. Mume wako alikufa akiacha zizi lenye nafasi nyingi kuliko ng'ombe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi ya Mogitu. Padre, walimu na wanakijiji tulikuwa tumepata wazo la kuanzisha chuo cha watu walioachwa na shule: wajane, vijana waliokatishwa masomo, vibarua wa shamba waliokuwa wakipokea mshahara kwa dole gumba. Shamba lilitupa ghala lake la zamani huko Getanuwas, kuta tupu bila paa. Habari zikakufikia. Ukaja Mogitu kwa miguu, ukanikuta nasahihisha madaftari.

"Mwalimu, hicho chuo kinamchukua mtu mwenye wajukuu?"

"Kinamtafuta hasa huyo, Shangazi."

"Na asiye na ruhusa je?"

Ndipo ukaniambia. Mume wako alipofariki, shemeji yako ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, na ulipomgusia habari za kusoma alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Shule? Kwa meno hayo yaliyobaki? Ng'ombe atakamuliwa na nani, na kitabu?" Ulimwigiza vizuri sana, sauti na mabega, tukacheka wote. Halafu wewe ukaacha kucheka.

"Darasa la pili tulikuwa tumefika kwenye kuunganisha," ukasema. "Nikatolewa kabla hatujaunganisha. Tangu siku ile naziona herufi moja moja, kama mbuzi waliopotezana. Sitaki kufa hawajakutana."

Siku ya harambee ilifika. Mgeni rasmi alitoka mkoani na gari lenye bendera, meneja wa shamba akaketi jukwaani pembeni yake, na juu yao kukatundikwa kitambaa chenye lile neno. Ulinitaka nikusomee. Nikakusomea.

"Huyo asiyejiweza ni nani?" ukauliza, na hukuuliza kwa kunong'ona.

"Ni... ni sisi, Shangazi."

"Sisi! Nimezaa, nimezika mume, nimehamisha boma na mvua mgongoni. Wanataka nijiweze vipi tena?"

Michango ilikuwa ya kusuasua. Waliotoka juu Mbulu walileta magunia ya mahindi na maharage, kuku, mayai kwenye vikapu, vyote vikanadiwa. Wafugaji walisimama mbali, wameegemea fimbo zao. Nani angewalaumu? Wachangie nyumba iliyosimama ndani ya mpaka uliomeza majani yao, huku aliyewawekea walinzi amekaa jukwaani anapepewa? Padre alikuwa ameshaanza kunitazama kwa macho ya mtu anayehesabu mabati asiyoyapata.

Ndipo ukatokea ukivuta mtamba wako, yule mwekundu mwenye doa jeupe begani. Mshika kipaza sauti akaruka kwa furaha.

"Oneni wenyewe! Mama Gidamis ametoa mtamba! Makofi! Nani anaanza?"

Bwana mmoja mwenye bucha pale Katesh akanyanyua mkono. Mwingine akapandisha, mwenye bucha akapandisha tena. "Mara ya kwanza! Mara ya pili..."

"We mwenye kipaza!" Sauti yako haikuhitaji kipaza. "Nani kakuambia anauzwa?"

"Mama, si umetoa?"

"Sijatoa. Nimemweka."

Kule nyuma, wafugaji wote wakaitikia kwa pamoja, sauti nzito kama ya maombi: "Eeee." Mgeni rasmi akainama kwangu. "Mwalimu, kutoa na kuweka kuna tofauti gani?"

Kuna tofauti ya dunia nzima, na wote tuliozaliwa pande hizi, wa juu na wa chini, tunaijua. Ukimweka ng'ombe wako kwa mtu, yeye anamchunga, anakunywa maziwa na samadi anapeleka shambani kwake. Ng'ombe anabaki wako na ndama ni wako, mpaka siku utakapompa ndama mmoja kwa shukrani. Lakini kubwa ni hili: mtu uliyeweka ng'ombe kwake amekuwa ndugu. Hamwezi kununiana. Na wewe una haki ya kufika kwake siku yoyote, saa yoyote, kumwona ng'ombe wako, na hakuna mume, shemeji wala chifu anayeweza kukuzuia njiani.

Ukasimama katikati ya uwanja, kamba mkononi.

"Naona mnachanga kama watu wa msibani," ukasema. "Mtu anatoa, anapangusa mikono, anakwenda zake, maana marehemu hatamwona tena. Chuo hiki kimekufa? Mimi ng'ombe wangu anakaa hapa. Maziwa kunyweni, samadi ni yenu, ndama wangu. Na siku nikija kumwona, nipeni kiti na chai."

"Basi Mama, niuzie hata huyo ndama!" akapiga kelele mwenye bucha.

"Hajazaliwa, wewe umeshanoa kisu!"

Umati ukaanguka kwa kicheko. Kilipotulia, mzee mmoja wa kifugaji, shuka jeusi, asiyewahi kuingia hata kanisani, akatembea taratibu mpaka mbele ya jukwaa. Hakumtazama meneja. Alimtazama mtamba wako. "Na mimi naweka," akasema. Nyuma yake akaja mwingine. Mwalimu mkuu wangu, mtu wa Tumati kama sisi, akasema naye ana dume jike lililozidi zizini, akachekwa kwa kuchanganya maneno, akaweka ng'ombe jike. Nilikuwa nimesoma chuoni jinsi jamii zinavyojengwa, kwa maneno marefu ya wataalamu. Sasa nilikuwa naona moja ikijengwa kwa kamba ya katani.

Mgeni rasmi alishindwa kabisa. "Sasa nitangaze tumepata nini?" Padre akamjibu, "Mheshimiwa, tangaza kwamba ng'ombe wameanza masomo."

Shemeji yako peke yake hakuweka. Alitafuna tumbaku, akatazama, akaondoka.

Yaliyofuata wazee wa Getanuwas wanayasimulia mpaka leo. Maziwa yaliuzwa kambini kwa madereva na mafundi wa shamba, waliokuwa wamechoka na chai ya rangi. Maziwa yakawa mabati. Na ngano ilipovunwa, kundi la chuo likahitaji malisho, likaingia kwenye mabua. Walinzi wakaja mbio na virungu. Mchunga ng'ombe akawaambia, "Hawa ni ng'ombe wa chuo. Kamuulizeni meneja, si alipiga makofi?" Wakaenda kumuuliza. Alikuwa amepiga makofi, watu wote walimwona, mgeni rasmi alimwona. Ng'ombe wakaachwa.

Nilikuwa ukingoni mwa shamba jioni ile. Niliwaona wale ng'ombe wakipita mpaka, vichwa chini, wakila majani ya babu zao, na wazee wamekaa kwenye tuta wanatazama, mmoja anafuta macho kwa ncha ya shuka. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani kuhusu ardhi na dhuluma, ya moto kabisa. Ilinikaukia mdomoni. Nilikuuliza kama tangu mwanzo ulikuwa umepanga hivyo.

"Ng'ombe ndiye ajuaye majani yalipo," ukasema. "Mimi nilimfuata nyuma tu."

Kisha darasa. Kila alasiri ulipojifunga kitenge, shemeji yako aliuliza, "Unaenda wapi?" Ukajibu, "Naenda kumwona ng'ombe wangu." Na yeye, mtu wa mila kuliko wote, akakupisha. Ulimfunga kwa kamba yake mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipoingia, darasa zima likasimama, na wewe kati yao, ukasema kwa nguvu kuliko wote, "Shikamoo mwalimu!" Maneno yakanitoka yenyewe: "Shikamoo Shangazi!" Nani aseme marahaba? Wenzako walicheka mpaka benchi likadondoka. Mwisho ukatoa hukumu: ndani ya mlango mimi ni mwalimu, zizini wewe ni shangazi. Tukaishi hivyo. Ndani nilikukosoa, na nje ulinituma kuni.

Herufi zako zikakutana. Hukutaka kuandika "baba" wala "kaka". Ulisema hao umeshawabeba vya kutosha. Ulitaka "ng'ombe". Nikakuonya kwamba neno hilo ni gumu, lina ile alama juu. Ukaitazama, chaki mkononi.

"Hii?" ukasema. "Hii si ngumu, mwalimu. Hii ni kengele yake."

Nimewafundisha watu wengi baada yako. Wote nimewafundisha hivyo.

Msemo wako ukaenea. Mwanamke yeyote wa pande zile aliyeulizwa anakwenda wapi alasiri alijibu kwamba anakwenda kumwona ng'ombe, hata asiyekuwa na mbuzi. Wanaume walijua. Walijifanya hawajui, na heshima ya kila mtu ikabaki mahali pake.

Ulipofariki, Shangazi, tuliogopa. Ng'ombe aliyewekwa hudaiwa na wenyewe, na wako alikuwa amezaa na vizazi vyake vimezaa. Shemeji yako angekuja kuwachukua, na wengine wangefuata mfano wake, na chuo kingekwisha. Akaja kweli, mzee sasa, na fimbo yake. Tukampa kiti na chai, kama ulivyoagiza. Akaingia zizini, akampapasa kila mmoja mgongoni, akataja mama yake na bibi yake. Hakukosea hata mmoja. Halafu akauliza, bila kututazama:

"Yeye alikuwa anaingia saa ngapi mle ndani?"

"Saa nane, mzee."

Akakaa kivulini mwa ukuta mpaka saa nane. Kengele ilipogongwa akaingia na wanafunzi, akaketi kwenye benchi lako, fimbo katikati ya magoti. Mwalimu, kijana, akamuuliza kwa adabu kama amekuja kujiandikisha.

"Hapana," akasema. "Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

Alirudi kesho yake. Hakuchukua hata ndama.

Shamba la ngano lenyewe limekufa, Shangazi. Kombaini zimebaki vyuma vinavyotagiwa na kuku. Chuo kipo. Na mimi nimefikia umri uliokuwa nao siku ile ya harambee, nikiwa na hasira zangu zote na maneno yangu yote, nakaa mjini nyumba isiyo na zizi. Kamati nimeijibu: kitambaa chenye lile neno kisitundikwe, na makala ya kuombea watu sitaandika. Nimeenda mnadani nikanunua mtamba mwekundu. Doa la begani nimelitafuta sana, nikalipata karibu pale pale. Jumamosi nampeleka Getanuwas. Sitoi. Naweka.

Nikifika nitasimama mlangoni mwa darasa lako, niseme shikamoo, nisubiri. Na huko uliko, wakikuuliza mtoto wa mdogo wako yuko wapi siku hizi, mbona kimya, hamtukani mtu, waambie ameenda kumwona ng'ombe wake.

Pumzika, Shangazi.

Mimi, mtoto wa mdogo wako uliyembeba mgongoni