Vijiko Vyenye Ua

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua, ingawa si kwa raha.

Uliuliza mbona nimenyamaza. Dada, nilikuwa naungua kwa wivu. Mume wangu alibadilika. Akirudi kutoka karakana yake ya makochi hagusi chakula, anadai ameshiba. Ameshiba kwa nani? Joto linatuchemsha, yeye kavaa mikono mirefu. Halafu vile vijiko ulivyonitunza harusini, vyenye ua kwenye mpini, vikaanza kupotea kimoja kimoja. Nikasema basi, huyu kafungua nyumba ya pili, na vyombo anatoa kwangu!

Mwanamke nilishampata: mjane anayeshona mapazia mlango wa pili na karakana. Kiuno chembamba, salamu zimejaa asali. Nawe wanijua, mdomo wangu hauna pazia.

Mchana mmoja nikajifunga kibwebwe, nikaenda. Nilimtukana mbele ya wateja wake, nikamwita mwizi wa waume na wa vyombo. Aliweka mkasi chini, akanishika mkono, akaniingiza stoo ya mume wangu, nyuma ya marobota ya sponji.

Mume wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi lisilo na kitambaa, mkanda umemkaza mkono, udenda unamtoka. Sindano sakafuni. Kando yake kijiko changu, ua lile lile, kimeungua cheusi. Ni unga, dada. Muda wote huo nilikuwa nagombana na unga. Mjane akaniambia amemzindua mara nyingi, ila mume wangu alimlilia asiniambie. Kaka yake huyo mjane alikufa hivyo hivyo.

Mume wangu alipopata fahamu nilimwuliza nimemkosea nini. Akasema, "Nakupenda wewe, lakini huo ndio unaoniamsha asubuhi."

Nakuambia wewe peke yako: nililia kwa sababu hakuwa mwanamke. Mwanamke ningemsuta, ningejipamba, ningemshinda. Huyu hana hata sura, na bado namwonea wivu, maana mimi sijawahi kutamaniwa na mume wangu namna ile.

Sasa tunakwenda hospitali kila asubuhi, anakunywa dawa mbele ya muuguzi. Mjane hutusindikiza. Nimemwomba radhi, akasema nipunguze sauti tu, wateja wanamkimbia. Juzi mume wangu alitoroka, akarudi mwenyewe, anatetemeka. Siwezi kukudanganya kwamba amepona.

Ukija utatukuta tunakoroga chai kwa mpini wa uma. Usiniletee vijiko vingine kwanza, tafadhali. Na usishangae kunikuta macho alfajiri, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Siku hizi natangulia kuamka. Nataka akifumbua macho, aliyemwamsha niwe mimi.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo