Sabuni ya Kutembelea Watu

Aru, tarehe 3 mai 2025

Wivine mutoto yangu,

Salamu zitangulie, karatasi ifuate nyuma. Uko na afya? Malaria iliachana na weye? Siye tuko, ni goti yangu tu inalia mvua ikikaribia.

Davy dereva aliniletea barua yako. Kumbe kule Bunia wanawafundisha walimu wa maternelle, masomo ya watoto wadogo, namna ya kutembelea familia zao. Mimi nilifikiri ile mutu anazaliwa nayo. Lakini kama Madame Angélique, mukubwa wa mafunzo yenu, alisema wazazi wasipokuja ku reunion ya mwisho, ule mukutano, hautapata diplome, basi sitalala tena. Usiingie mu nyumba ya mutu mikono tupu. Nimempa Davy karto ya sabuni. Kila nyumba, kipande moja. Na usiongee mbio.

Mama yako

Bunia, tarehe 14 mai

Mama mupenzi,

Goti iko namna gani? Mimi niko muzima, ya mwili tu.

Nilianza kwa mama Bienvenu, anauzisha makala ya kupikia hapa Mudzipela. Alipokea sabuni kwa mikono mbili, akaiangalia, kisha akamwita mutoto wake akamunusa shingo. Akaniletea ugali na sombe, majani ya muhogo. Nikasema nimeshiba, juu sikutaka kumusumbua. Mbele nifike kwa jirani, habari ilikuwa imeshanipita: mwalimu anagawa sabuni kwa wale wanaonuka.

Lundi, juma ilipoanza, watoto walikuja wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Nikishika mukono, inatoka kama samaki. Wamekatazwa kukaa chini. Tunaimba wamesimama, sawa ku misa. Na mama zao wakiniona ku njia, wanavuka ngambo. Reunion ni tarehe 30, Mama. Nani atakuja?

Mutoto yako Wivine

Aru, tarehe 19 mai

Wivine,

Salamu. Ya afya nitauliza chini, juu moyo inapiga.

Nilisoma barua yako na Annette jirani. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Sabuni haina kosa. Kosa ni ile "nimeshiba". Nani alikuzaa? Mutu anayeleta sabuni na kukataa ugali si mugeni, huyo ni mutu wa afya, amekuja kupima choo. Rudia kila nyumba, bila kitu mu mukono. Sema, "Mama, niko na njaa." Kula, umalize, uombe ingine. Mwanamuke haezi kuchukia mutu aliyekwangua sahani yake.

Na afya? Tumbo?

Mama yako

Bunia, tarehe 31 mai

Mama,

Salamu nyingi. Usiogope, usipande gari, soma mpaka mwisho.

Nilifanya vile ulisema. Mama Bienvenu aliniona niko naomba sombe ingine, akavuta kiti karibu. Akaniambia mutoto wake anaogopa giza ya choo ya masomo, njo maana anajikojolea ku kelasi. Mimi nilikuwa namugombeza bure. Kwa papa Rachidi, samaki. Kwa mama Kaswera, maharagi. Hakuna aliyekubali kama nimeshakula kwa mwingine. Siku moja mbele ya reunion, tumbo ikaniangusha.

Madame Angélique alikuta mabenchi tupu. Sentinelle, mulinzi wa masomo, akamwambia: wazazi walijaa, wakasikia mwalimu iko mugonjwa, wakaondoka. Alipofika kwangu hakuwa na pa kukanyaga. Mama Kaswera anakoroga uji. Papa Rachidi anaapa kama samaki yake haina neno, waulize maharagi. Na mama Bienvenu iko inje, anafula mashuka yangu na ile kipande ya sabuni. Alikuwa hajaigusa.

Madame aligeuza ndoo, akaikalia, akafanya reunion pale pale. Nimepata diplome, Mama.

Mutoto yako Wivine

Aru, tarehe 5 juni

Mwalimu Wivine,

Tumbo kwanza: unachemsha maji? Ile samaki ilikuwa ya siku gani? Usimuulize papa Rachidi mwenyewe, uliza muke wake, polepole.

Nimelia, Annette ni shahidi. Nakuja na Davy siku ya posho, mwisho wa juma, nataka kusalimia mama Bienvenu. Nitaingia mikono tupu, na njaa. Usimuambie kama sabuni ilitoka kwangu mpaka nimalize sahani.

Mama yako