Baba Mkwe Ameziba Kidonda kwa Gundi ya Viatu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi kazi yangu ni miguu, kliniki nzima wananiita Mama Nyayo, kutwa nasafisha vidonda vya wagonjwa wa kisukari, nakata kucha zilizoingia nyamani, nawafokea watu wazima wanaotembea peku, lakini nyumbani kwangu kuna mguu unaooza na nimeufumbia macho.

Ni mguu wa baba mkwe. Yeye ni fundi viatu, tunaishi naye tangu mama mkwe afariki, ana kisukari, na ni mtu wa heshima zake, hata chakula chake nakiweka mezani naondoka, Shangazi unajua mambo ya wakwe, basi nikaona siku hizi havui viatu hata ndani, tena anajimwagia manukato kama bwana harusi, nikasema moyoni mzee kapata mchumba, kumbe! Juzi nimempelekea chai kwenye meza yake ya kazi nikamkuta kavua kiatu, chini ya kidole gumba alikuwa na sugu, ameichonga kwa kisu cha kukatia ngozi mpaka pakawa shimo, na hilo shimo amelibandika kiraka cha ngozi laini kwa gundi ileile ya soli, kidole kimeshaanza kuwa cheusi na wekundu umepanda hadi kifundoni. 

"Nimeshaziba, mama," akaniambia huku akivuta soksi upesi. "Viatu vya mtaa mzima naviziba mimi, nitashindwa na mguu wangu? Tena hauumi hata kidogo."

"Baba, twende kliniki."

"Wewe ni mkwe wangu, hutanishika mguu. Na ukimwambia mwanangu, narudi kwangu leo leo."

Nikaiacha chai mezani nikatoka. Jioni mume wangu akaniuliza mbona baba anachechemea, nami nikajibu kiatu kimembana. Nampenda huyu mzee, Shangazi, alinipokea kama binti yake, nikimvunjia heshima hatanisamehe, na nikinyamaza najua kinachofuata kwa sababu nakiona kazini kila siku. Nifanye nini?

Mama Nyayo

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Nyayo, pole. Mganga hajigangi, na kwa wakwe ndiyo kabisa. Barua yako nimeitoa chini ya foleni nikaiweka juu.

Lakini "kiatu kimembana"? Wewe? Angekuja mtu kliniki na jibu hilo ungemsema mpaka atafute mlango. Mguu wa kisukari usiouma ndio wa kuogopwa, na hilo unalijua kuliko mimi.

Huyo mzee si mkaidi, anaona aibu. Maisha yake yote watu wamemletea vilivyochakaa akawarudishia vikiwa vizima. Leo kilichochakaa ni chake mwenyewe, na hataki mke wa mwanawe akione. Muonee huruma, ila usimtii.

Sasa weka gazeti chini umpigie mumeo simu. Mwambie yote, na uongo wako pia. Ampeleke baba yake hospitali leo, si kesho, kwa gari, asiukanyage huo mguu. Kiraka msikibandue nyumbani, wala msiuloweke kwenye maji ya moto, wala msipake dawa ya jirani. Huko hospitali mhudumu mwanamume ndiye amfungue kidonda, wewe kaa nje ya pazia, heshima yake itabaki palepale. Na mguu wa pili nao utazamwe. Huenda kidole kitaondoka, sikudanganyi. Mkiendelea kustahiana, hakitaondoka peke yake.

Atanuna. Mwache anune. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hukuolewa katika nyumba hiyo ili uje kushuhudia.

Na hilo tishio la kurudi kwake lisikutetemeshe. Mpe shikamoo yake kama kawaida, kisha umuulize kwa upole, "Baba, utarudi kwa mguu gani?"