Mama Apokea Zamu

Mdogo wangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na paka wako amezaa tena chini ya kitanda changu. Jana asubuhi nilimpeleka Mama kwenye makao ya wazee.

Najua ulisema tungoje. Lakini wiki iliyopita alinifungia nje, akawaita majirani waje wamkamate mwizi. Mwizi mwenyewe ndiye mimi.

Jana mlangoni pa makao aligoma. "Mimi nikalale na wagonjwa? Thubutu!" Meneja akaniambia kitanda kikibaki kitupu siku hiyo atapewa mwingine. Ndipo akatoka muuguzi mkuu, ambaye alikuwa amesoma kwenye fomu kwamba Mama aliuguza watu miaka thelathini. Mkononi alishika kitabu cha ripoti.

"Sista, umechelewa. Njoo nikukabidhi zamu."

"Sijachelewa. Saa yenu ndiyo inakimbia," Mama akajibu, akaingia.

Wakapita kitanda kwa kitanda, kama alivyozoea kazini. Cha nne kilikuwa kitupu. Muuguzi akasoma: mama wa miaka sabini na sita, husahau, huzunguka akitafuta choo, huhudumiwa na binti yake peke yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mlazeni karibu na choo," akasema. "Na huyo binti mwambieni arudi nyumbani akalale. Mgonjwa tumeshampokea."

Nikatii. Nililala saa kumi na mbili mfululizo.

Ni mimi dada yako, niliyeshiba usingizi.