Ulikuwa Ukimngoja Ng'ombe

Baba yangu mpendwa,

Leo mwalimu mkuu mpya ameniita ofisini akanisukumia karatasi mezani. Kumbe ni ile ile barua ya bodi ya shule, ya mwaka jana, inayonikataza kuwaambia wanafunzi wafumbe macho darasani. Chini yake kuna sahihi yako. Ananitaka nijibu kwa maandishi kwamba nimekubali, kabla ya Ijumaa, la sivyo nitafute shule nyingine. "Hata marehemu mzee wako alikataa hii kitu," akaniambia. "Sasa wewe ni nani?"

Mimi ni binti yake, ndiye mimi. Na sikubali.

Wewe uliniona nikianza. Shule zilipofunguliwa baada ya vurugu za uchaguzi, Kidato cha Pili changu kilirudi kimenuna, walioketi dawati moja hawasemezani. Akinyi, ambaye familia yao ilitoka nyumbani na godoro tu, aliingia chini ya dawati siku upepo ulipobamiza mlango. Nilienda semina ya walimu wa ushauri huko mjini nikarudi na zoezi la dakika tano. Kaeni wima, fumbeni macho, fuateni pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakizurura, yarudisheni polepole. Basi. Hakuna ubani, hakuna wimbo, hakuna jina la mungu wa mtu yeyote. Siku ya kwanza walicheka mpaka na mimi nikacheka. Wiki ya tatu mlango ulibamizwa tena. Akinyi alishtuka, akashika dawati, akavuta pumzi, akaendelea kuandika. Nilikusimulia hayo jikoni kwetu Waithaka huku nalia, nawe ukanimiminia chai.

Ndiyo maana ule mkutano wa wazazi uliniuma. Mama mmoja alisimama akauliza, "Mtu akifunga macho na haombi Mungu, anaomba nani?" Ukumbi mzima ukaguna. Mwingine akasema huo ni ushetani wa matajiri wa mtaa wa Karen, wapelekewe watoto wao huko. Nilikutazama wewe, mzee wa kanisa na mwakilishi wake kwenye bodi, nikingoja useme neno moja tu. Ulitoa kalamu mfukoni ukaitia sahihi barua ya kunikataza.

Kesho yake alfajiri nilikufuata bandani kwa hasira. Ulinawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, ukakaa kwenye kigoda, ukaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, ukafumba macho. Kiwele hukukigusa. Ulifanya hivyo kila siku tangu nikiwa mdogo, na mimi ukanifundisha. "Mami," uliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yako, "usimshike bado. Ukikuja na haraka atakunyima maziwa. Wacha roho yako ishuke kwanza." Basi asubuhi hiyo nikakuuliza kwa sauti ya yule mama wa mkutanoni, "Na wewe hapo unaomba nani?"

"Siombi mtu. Nangoja ng'ombe."

Ukasikia ulichosema. Nilikuona ukisikia. Maziwa yakaanza kupiga ndoo, hukunitazama, na hatukuligusa jambo hilo tena. Ulijua, Baba. Ulijua kabisa ninachofanya na watoto wale, kwa sababu ni chako, semina ilikipa jina tu. Lakini uliogopa maneno ya watu kanisani, ukaniacha peke yangu. Nilitii muhula mzima. Kisha tukakuzika, na wale wale walioguna wakasimama kukusifu kwa upole wako. Nilikaa mstari wa mbele nikijiuliza wanadhani upole huo uliutoa wapi. Jumatatu iliyofuata nikawaambia wanafunzi wafumbe macho.

Nakupenda, na bado nimekukasirikia. Wataniambia si adabu kugombana na marehemu. Basi wewe ungegombana nami ukiwa hai, tukamaliza.

Nilipotoka ofisini leo nilimkuta Akinyi mlangoni. Yuko Kidato cha Tatu sasa, amenipita urefu. "Mwalimu, tumeskia. Ni ukweli utawacha?"

"Nani amekuambia?"

"Watu. Usiwache, mwalimu. Hapo tu ndio kichwa yangu hunyamazanga."

Nilikuja moja kwa moja nyumbani, nikabadilisha nguo, nikaenda kumkamua ng'ombe wako. Nilikuwa nimewaka, na kama ulivyosema, akaninyima. Nikaacha. Nikaweka paji la uso ubavuni mwake nikafuata pumzi yake na yangu mpaka mabega yakashuka. Hata sijui nilikaa muda gani. Akatoa ndoo nzima.

Kisha nimekaa hapa mezani pako, nimeichukua ile karatasi, na nimejibu kwa maandishi kama nilivyotakiwa. Nimeandika chini ya sahihi yako: "Siombi mtu. Nangoja watoto." Nami nimetia yangu. Kesho asubuhi nitaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, halafu nitaingia darasani.

Ulale, Baba. Siachi.

Ni mimi, binti yako,
Mami