Kwa Kaka, Kuhusu Dawa Uliyoikataza

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua baridi ikianza? Sisi huku wazima, na mjukuu wako anapumua. Salamu nimemaliza. Sasa nina ugomvi na wewe, kwa hiyo kaa vizuri.

Umekuwa ukimuuliza mwanao mbona sipokei simu zako. Sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitatoa maneno ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Mkwe wako alipandwa na presha mimba ikiwa ya miezi saba, wakampasua. Mtoto akatoka kichwa kama chungwa. Nilimwona kupitia kioo. Kila akivuta pumzi kifua kilibonyea ndani, na alikuwa anaguna kama mtu mzima aliyebeba gunia. Daktari wa watoto njiti alitueleza taratibu. Mapafu ya mtoto wa umri ule bado hayajatengeneza ute wake wa kuyalainisha, kwa hiyo akitoa pumzi yanagandana kama mfuko wa nailoni uliolowa, na kila pumzi anaanza upya kuyabandua. Mwisho anachoka. Ipo dawa, safaktanti, inapitishwa kwa mrija mwembamba mpaka mapafuni, na inatakiwa iingie mapema. Akasema pia, bila kuficha, kwamba waliyo nayo pale imetokana na mapafu ya nguruwe.

Mwanao alitakiwa kusema ndiyo tu. Akatoa simu akakupigia wewe.

Kaka, hukuuliza hata mtoto ana hali gani. Ulisema nguruwe haingii katika ukoo wako, ukakata simu, ukaizima. Baba mzima, na ndevu zake, akabaki kwenye korido anasubiri baba yake awashe simu, huku mwanawe midomo inageuka rangi.

Na usinihubirie. Nguruwe sijamgusa tangu nizaliwe na sitamgusa. Nilimpigia shehe wa mtaani kwetu, akanijibu hata sijamaliza kueleza: mpeni mtoto dawa, roho kwanza. Nikampa mwanao maneno hayo kama yalivyo. Bado ananiambia, shangazi, tumngoje baba. Nilitamani nimzabe kofi, na la pili nikutunzie wewe. Hivyo vidonge vyako vya mgongo, uliwahi kuuliza maganda yake yametengenezwa kwa ngozi ya mnyama gani? Thubutu.

Aliyetuokoa ni mkwe wako. Walikuwa wanamtoa chumba cha upasuaji kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imekauka, mwanawe hajamtia hata machoni. Akatukuta tunabishana. Alipoelewa kinachobishaniwa akamwambia daktari, "Mpe. Kama ni dhambi, niandikieni mimi." Daktari hakungoja mtu mwingine.

Dawa yenyewe ni maji meupe, hayajazi kijiko cha chai. Kabla jua halijazama kile kifua kilikuwa kimetulia. Nikakaa sakafuni pale pale nikalia, na sikudanganyi, nililia kwa hasira kuliko furaha. Kumbe lilikuwa jambo dogo hivyo, na dawa ilikuwepo muda wote ule, ndani ya friji, ng'ambo ya mlango.

Sasa wamemtoa kwenye mashine. Maziwa bado anapewa kwa mrija, lakini akiguswa mguu anaukunja kwa kiburi, na hapo ndipo alipofanana na wewe.

Nisalimie sana wifi yangu na wanangu wote huko. Mama mkubwa anakusalimu. Yeye hajui lolote, na sitamwambia, maana bado anakusifia kwa majirani. Mungu akulinde, akulainishe na moyo.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini jana ulinitumia ujumbe kwamba, kwa kuwa ni mjukuu wako wa kwanza, mtoto apewe jina lako. Mkwe wako aliusoma mara mbili, akanirudishia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini: shangazi, angekufa, baba bado angetaka aitwe jina lake?

Jibu ni lako. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda bado, ila leo kwa shida.