Vichupa vya Safu ya Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Joto. Mkuu wa stoo ameingia, shati limemnata mgongoni, akazungusha kitufe cha friji la chanjo hadi mwisho wa baridi. Nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba chanjo ya nimonia inatakiwa nyuzi mbili hadi nane, isigande. Akacheka. Chanjo ni kama samaki, msomi wangu, ikiganda haiozi. Dereva naye akacheka. Huyo hucheka kila mkuu anapofungua mdomo. Nikasema sawa, mkuu.
Samaki! Miaka yote kwenye kiti kile, bado anawaza kitoweo.

Jumatano, 6 Machi
Safu ya nyuma yote imeganda. Mkuu kaamuru vichupa vianikwe dirishani. Vilipoyeyuka akainua kimoja: ona maji yalivyo safi, nzima kabisa hii. Mjinga. Walipokwenda kula nilitikisa kichupa cha nyuma na cha mbele, nikavisimamisha mezani. Cha mbele kilibaki na ukungu, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa. Cha nyuma kilishusha machicha upesi, juu maji matupu. Usafi anaousifia ndio ugonjwa wenyewe. Joto huidhoofisha chanjo hii polepole. Barafu huimaliza papo hapo, na ukiiyeyusha hairudi.
Nikamwonyesha nesi. Mdogo wangu, akasema, mimi nachoma ninacholetewa. Akaendelea kupaka kucha rangi. Kucha zake zinatunzwa kuliko chanjo.

Alhamisi, 7 Machi
Nilimfuata mkuu ofisini na hotuba yangu kichwani. Nilifika nusu. Akanikatiza: sindano itaingia, mtoto atalia, mama ataridhika — wewe shida yako nini? Halafu, kwa upole: hivi mkataba wako unaisha lini vile?
Nikacheka. Nikacheka kabisa, meno yote nje. Sasa ana madereva wawili.

Ijumaa, 8 Machi
Maboksi yamepakiwa. Yanakwenda kliniki ya mtaani kwetu, vichupa vya nyuma na vya mbele vimechanganywa. Nimempigia dada, nikamwambia kesho asimpeleke mtoto. Kwa nini? Foleni itakuwa ndefu, nikasema. Mtu mzima, na kisomo chote hiki, nadanganya kama mtoto aliyelamba sukari. Dada akashukuru. Akasema basi namba yake ya foleni atampa jirani, yule wa mapacha, maana amehangaika sana kupata nafasi. Una roho nzuri wewe, mdogo wangu.
Nikakata simu.
Ufunguo wa geti ninao mimi. Nimejifungia chooni, naandika juu ya goti. Nje honi. Mkuu anagonga mlango: karani, unazaa humo? Njoo ufungue geti, chanjo zitapata joto.
Naendelea kuandika. Anagonga tena. Dereva anacheka —